Besiboli ya Marekani ukiwa Mwanza: anza na saa, dishi baadaye

Saa tatu kasorobo asubuhi ya tarehe 28 Oktoba 2025 nilifika dukani nikakuta mteja wetu mmoja kakaa kwenye ngazi, simu mkononi, macho mekundu kama mtu aliyetoka kuvua dagaa usiku kucha. Hakuja kutengeneza kitu. "Fundi, bando limekata na mechi haijaisha," akasema. "Naomba waifai."

Mechi yenyewe ilikuwa ya tatu katika fainali ya besiboli ya Marekani, Los Angeles Dodgers na Toronto Blue Jays. Kwa saa zetu ilianza saa tisa usiku. Besiboli ina raundi tisa, lakini zikiisha timu ziko sawa hakuna sare wala penalti. Inaongezwa raundi moja moja mpaka mmoja amzidi mwenzake. Usiku ule walifika raundi ya 18, saa sita na dakika 39 za mchezo. Freddie Freeman wa Dodgers alipoupiga mpira ukaruka uzio na kumaliza ubishi, Mwanza ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi, na mteja wetu alikuwa anaruka katikati ya duka mbele ya mama aliyekuja kununua rimoti. Mama akauliza nani kafunga. Tulishindwa kumweleza kwa kifupi.

Tangu siku ile watu wanatuuliza habari za besiboli kuliko nilivyotarajia: waliosoma Marekani, vijana waliofundishwa mchezo huu na Wajapani, na wengine wameonja tu vipande mtandaoni wakanogewa. Na karibu wote wanaanza na swali lilelile: nifunge dishi gani? Mimi huwajibu kwa swali: utakuwa macho saa ngapi?

New York iko nyuma yetu kwa saa saba wakati wa msimu. Mechi ya jioni kule, inayoanza saa moja na dakika tano usiku, hapa ni saa nane na dakika tano usiku wa manane. Ya Los Angeles inaanza kwetu saa kumi na moja alfajiri, wakati unajiandaa kwenda kazini. Ukifunga dishi kwa ajili ya mechi za namna hiyo, utalipia kifurushi miezi mitatu kisha utaacha, na dishi litabaki juu ya bati likianikiwa nguo.

Lakini kuna mechi za mchana. Jumapili timu nyingi za mashariki ya Marekani zinaanza kucheza saa saba na ushee mchana kwao, na hapo Mwanza ni saa mbili usiku, muda wa taarifa ya habari. Tangu 2023 kuna saa inayombana mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira: asipotupa mpira ndani ya sekunde zilizowekwa anaadhibiwa. Tangu hapo mechi ya kawaida inachukua kama saa mbili na dakika 40, kwa hiyo kabla ya saa sita usiku umeshalala. Na kama huna timu, ushauri wangu, ambao naona haya kuutoza hela, ni kuchagua Chicago Cubs. Uwanja wao, Wrigley Field, haukuwa na taa mpaka Agosti 1988, na hadi leo wana desturi ya kucheza mchana, hata katikati ya wiki. Mchana wao wa saa saba na dakika 20 ni saa tatu na dakika 20 usiku hapa. Kwa mtu wa Nyegezi mwenye kazi asubuhi, hiyo ndiyo timu.

Ligi yenyewe, MLB, ina timu 30, na kila moja inacheza mechi 162 kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Ni karibu kila siku. Mtu aliyezoea kusubiri Simba na Yanga kwa wiki nzima hili humchanganya, lakini faida yake ni kwamba hakuna haja ya kujitesa kwa mechi moja. Ukiikosa ya leo, kesho ipo.

Sasa njia. Kwa ving'amuzi, miaka ya karibuni besiboli ya MLB imekuwa ikipita chaneli ya michezo ya ESPN, ambayo hapa wengi wanaipata DStv. Usitegemee kumfuata mtu au timu moja: televisheni inachagua mechi chache tu kati ya zote za wiki, na nyingine unazoziona mchana ni marudio. Kabla hujalipa kifurushi njoo dukani au nenda kwa jirani, bonyeza ratiba kwenye rimoti, tembeza siku saba mbele, hesabu mwenyewe ni mechi ngapi zimeandikwa kuwa mubashara. Ukiona mbili na zote saa nane usiku, hela yako bado iko mfukoni.

Njia ya pili ni MLB.TV, huduma ya mtandaoni ya ligi yenyewe, iliyoanza kurusha mechi mwaka 2002. Hapa ndipo watu wanapotoshwa na ushauri wa YouTube. Mmarekani atakwambia huduma hiyo inafungia mechi za timu ya nyumbani, yaani ya eneo analoishi mtazamaji, na kweli kwao ni kero: mtu wa jimbo la Iowa, lisilo hata na timu yake, anafungiwa timu sita. Sisi tuko mbali, na umbali huo kwa mara moja umetufaa. Kizuizi cha timu ya nyumbani ni cha Marekani na Canada. Kwa hiyo usinunue VPN, programu ya kuficha uko nchi gani, kwa sababu kijana wa kule kasema; unaongeza gharama na kupunguza kasi ya intaneti yako bure.

Mechi inabaki humo ikiisha, kwa hiyo unaweza kuiangalia jioni ya siku ya pili. Ndani ya programu kuna sehemu ya kuficha matokeo. Iwashe mapema, la sivyo utafungua simu ukute mshindi ameandikwa. Asiyetaka kulipa afungue chaneli ya MLB huko YouTube, anapata mechi iliyofupishwa ya dakika chache. Binafsi naona hiyo inawatosha nusu ya wanaonijia, ingawa duka halipati kitu.

Malipo yanahitaji kadi. Za mtandaoni zinazotolewa na kampuni za simu nyingi zinakubali. Angalizo moja: usajili unajihuisha wenyewe. Msimu ukiisha ingia uuzime, usisubiri Machi hela iondoke ukiwa umesahau. Na zile linki za bure za Telegramu, tafadhali. Tumesafisha simu nyingi zilizotoka huko zimejaa matangazo ya kubeti, na picha yenyewe inakwama mpigaji akiwa ameinua gongo.

Hesabu ya bando ni rahisi. Kila Mbps moja (kipimo cha kasi ya intaneti) inayoingia kwa mfululizo inakula karibu GB 0.45 kwa saa. Picha nzuri ya Mbps 5 ni GB 2 na robo kwa saa, kama GB 6 kwa mechi ya kawaida. Yule wa kwenye ngazi alikuwa kwenye Mbps 4 hivi. GB 10 zilimfikisha saa mbili na nusu asubuhi, na lawama ni za Dodgers. Ukishusha hadi Mbps 1.5, mechi nzima inaisha na GB 2 pungufu, na kwenye kioo cha simu utaona vizuri. Kwenye TV ya inchi 50 hapana. Mrushaji anasimama mita 18 na nusu kutoka kwa mpigaji, mpira mara nyingi unazidi kilomita 150 kwa saa, unafika kabla ya nusu sekunde. Picha ikiwa hafifu utaona watu wanatikisa mikono tu. Redio ya mechi ipo kwenye programu hiyohiyo, na haili hata MB 200.

Wanaobaki na dishi, nisikilizeni, maana hili ni la Mwanza hasa. Satelaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki na sisi tuko karibu nyuzi 33, hatua chache kusini mwa ikweta. Kwa hiyo iko karibu utosini. Ndiyo maana hata nyumba iliyobanwa na majabali ya Igogo inashika mawimbi. Jiwe halikai utosini. Ubaya wake ni kwamba dishi linalala chali kama sinia, linapokea vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Mwezi uliopita nilipanda bati moja Kirumba, mwenye nyumba akiapa king'amuzi kimekufa. Kichwa cha dishi kilikuwa kimefunikwa utando wa buibui uliojaa wadudu wa ziwani, mzito kama kitambaa, na kiungio cha waya kimeota kutu ya kijani. Dakika kumi na tano, kiungio kipya, kazi imekwisha.

Mvua ni habari nyingine. Usiku nchi kavu inapoa upesi na maji ya ziwa yanabaki na joto, upepo wa nchi kavu unakutana juu ya ziwa, na radi inajijenga huko usiku wa manane mpaka alfajiri. Yaani saa zilezile za mechi za jioni za New York. Matone yanakula mawimbi, picha inaganda. Hakuna fundi anayetibu mvua, na anayekuambia anaweza mwambie ashuke. Tunachoweza ni kukupa akiba: dishi la sentimita 90 badala ya 80 linakusanya mawimbi zaidi kwa karibu robo, likielekezwa kwa kifaa cha kupimia mawimbi na viungio vikizibwa maji yasiingie. Mvua ya kawaida utaipita. Ile ya alfajiri inayopiga bati mpaka hamsikilizani, subiri ipite kama tunavyosubiri sote.

Kwa mwenye intaneti ya waya, mvua si shida, umeme ndiyo shida. Betri ndogo ya ruta inakubeba saa kadhaa ukimalizia mechi kwenye simu.

Wanaouliza kama mchezo huu una Mwafrika: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alicheza MLB kwa mara ya kwanza Aprili 2017, na ng'ambo ya ziwa letu watoto wa Lugazi, Uganda, walikwenda mashindano ya dunia ya watoto kule Marekani mwaka 2012.

Ukija dukani kwa ajili ya hili, njoo na simu yako na jina la TV yako, na tuambie unalala saa ngapi. Kupanga ratiba hatutozi. Kupanda juu ya bati tunatoza.