Kadi za Rangi Nimezitupa

Muheza, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Wote hapa nyumbani wanakusalimu. Ujumbe wako niliupata Ijumaa, ule wa kuomba karatasi za semina ya mitindo ya kujifunza ili nawe ukawagawe wanafunzi wako. Karatasi ninazo, ila sikutumii. Kaa kwanza nikusimulie.

Unakumbuka nilivyotoka semina nimechangamka? Tuliambiwa kuna mtoto wa macho, mtoto wa masikio na mtoto wa mikono, na kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Nikakesha nakata maboksi. Darasa langu la tatu lina watoto 94: wa macho nikawapa kadi ya bluu, wa masikio njano, wa mikono nyekundu. Niliwagawa kwa maswali kumi ambayo wengi hawakuyaelewa. Baadaye nikaja kujua kuwa wengine walijibu kwa kumchungulia rafiki yao ili wapate rangi moja.

Wiki ya tatu, kipindi cha Kiswahili, nikamwita mtoto mmoja wa dawati la nyuma asome aya. Akasimama, akaninyooshea kadi yake nyekundu. "Mwalimu, mimi wa mikono. Kusoma ni kwa wale wa bluu." Darasa zima halikucheka, waliona amesema haki yake. Nilinywea, shoga. Mtoto anadonoa silabi kama kuku, ndiye mwenye shida ya kusoma kuliko wote, na mimi mwalimu wake nimempa kibali cha kutosoma!

Mdogo wangu anayesoma saikolojia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipokuja likizo nikamweleza. Akacheka mpaka nikakasirika, kisha tukakaa hadi usiku. Akaniambia mpangilio mmoja unaojulikana sana ni wa Neil Fleming, aliyekuwa mkaguzi wa shule huko New Zealand, alioutoa na Colleen Mills mwaka 1992: kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Tena si huo peke yake. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walipitia mipangilio ya namna hiyo 71. Mimi na rangi zangu tatu!

Nikamuuliza, kwani watoto hawatofautiani? Akasema wanatofautiana sana, na kila mtu ana njia anayoipenda. Lakini kupenda njia ni jambo moja, kuelewa zaidi kwa njia hiyo ni jingine. Ukitaka kuhakikisha, chukua watoto wa macho, nusu uwafundishe kwa picha na nusu kwa maneno. Wa masikio nao uwagawe vivyo hivyo. Halafu wote wafanye mtihani mmoja. Kama nadharia ni ya kweli, wa macho watawashinda wenzao wakipewa picha, na wa masikio watashinda wakipewa maneno. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, akiwemo Harold Pashler, walitafuta majaribio yaliyofanywa hivyo. Wakakuta machache mno, na hayakutosha kumfanya mwalimu aanze kuwagawa watoto.

Usiku ule nikakumbuka chuo chetu cha Kurani, kwa maalimu. Loho, ule ubao wa kuandikia, mapajani, kijiti mkononi, unaigusa alifu, herufi ya kwanza, unaitamka, unaisikia kwa wenzako, mwili mzima unayumba mbele na nyuma. Nani aliulizwa kama yeye ni wa macho au wa masikio? Vyote vilikuwa kazini kwa pamoja. Ndiyo maana mpaka leo asiyejua kitu tunasema hajui alifu kwa kijiti. (Fimbo za maalimu ni habari nyingine, sizitetei.)

Kwa hiyo usinielewe vibaya. Mikono sikuiacha, nimeacha kuifanya mali ya kundi moja. Sasa najiuliza somo lenyewe linataka nini. Ramani inataka macho, hata kwa yule aliyekuwa na kadi ya njano. Shairi linataka sikio.

Na hesabu? Jaribu kuwaandikia wako hili ubaoni: 4 + 3 + 6 = __ + 6. Wangu wengi waliandika 13, wengine wakajumlisha kila walichokiona wakapata 19. Tangu darasa la kwanza ile alama ya sawasawa wameizoea kama tangazo la "jibu linakuja". Mdogo wangu akanieleza utafiti wa Susan Goldin-Meadow wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake, uliotoka mwaka 2008, kwa hesabu za namna hii hii. Watoto walielekezwa kupitisha mkono wa kushoto chini ya upande wa kushoto, kisha wa kulia chini ya upande wa kulia, wakionyesha kwamba pande mbili zinalingana. Wiki nne baadaye, waliotumia mikono walikuwa wamelishika somo zaidi ya wale waliofundishwa kusema tu.

Nikaanza na mizani: henga ya nguo, vikopo viwili vya mtindi, vizibo vya soda. Nikaweka kumi na tatu huku, sita kule. "Mwalimu, umelala! Upande ule umelala!" Nikaongeza kimoja kimoja, nao wanahesabu kwa sauti, mpaka henga ikanyooka kwenye cha saba. Halafu wote wakasimama, mikono hewani, hesabu ile ile ubaoni. Yule wangu wa kadi nyekundu akaja mbele, akatanua mikono kama henga, akaishusha na kuipandisha kidogo, akasema saba.

Lakini vizibo navyo vina balaa lake. Siku ya pili dawati la mbele walikuwa wanachezea bao. Na wapo waliohesabu vizibo vizuri kabisa, ukifuta ukawaandikia namba, hawajui ulikotoka. Imebidi niviondoe taratibu: leo vizibo, kesho picha za vizibo daftarini, halafu namba tupu. Kwa watoto 94 kazi hiyo inakula vipindi, na azimio la kazi halinisubiri. Mwalimu mkuu ameshaniuliza mara mbili mbona niko nyuma.

Kusoma bado kunamtesa yule mtoto. Nimemchongea kijiti cha mwarobaini, anakipitisha chini ya silabi akisoma kwa sauti, na sasa nusu ya darasa wanataka vijiti.

Sasa nisaidie. Wiki ijayo naingia kwenye hesabu za sehemu. Mwaka jana nilikata machungwa, na kabla sijafika robo, nusu zilikuwa zimeshaliwa. Wewe unatumia nini?

Wako,
Mama Salma