Barua ya wazi kwa Mkuu wa Idara yetu: tufungulie maabara

Shikamoo Profesa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu nilizoziacha kwa katibu muhtasi wako tangu Novemba hazijajibiwa. Alhamisi iliyopita tulifika maabara kabla ya saa mbili asubuhi, watu zaidi ya mia, kila mmoja na koti jeupe alilonunua kwa bumu lake la mkopo. Tukakuta kufuli na karatasi: zoezi limeahirishwa. Ni mara ya nne muhula huu.

Kwenye slaidi tumefundishwa kwamba seli ya neva ikitulia, ndani yake huwa na chaji hasi ya kama milivolti 70 kulinganisha na nje. Ikichochewa, milango ya sodiamu hufunguka na chaji hugeuka chanya, kisha potasiamu hutoka na kuirudisha chini, yote kwa milisekunde chache. Nimekariri. Mchoro wake naweza kuuchora gizani. Lakini wimbi hilo la chaji sijawahi kuliona wala kulisikia likipita kwenye kiumbe, na swali la vitendo la UE, mtihani wa mwisho wa muhula, litatutaka tueleze tulichokiona. Tutaandika nini, Profesa?

Wanasayansi Hodgkin na Huxley walilieleza wimbi hilo mwaka 1952 kwa uzi mnene wa neva ya ngisi, mnyama yuleyule anayeuzwa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Hatuombi mitambo kama yao. Zoezi ulilotuahidi ni la mguu wa mende: unachomekwa pini mbili, waya zinaingia kwenye amplifaya ndogo yenye spika, ukigusa vimiiba vya mguu kwa kijiti unasikia neva ikialika. Basi!

Wengine wanasema amplifaya imeungua na fedha za kuitengeneza zimekwenda kwenye mafuta ya gari. Wengine wanasema fundi sanifu wa maabara alistaafu na nafasi yake haijajazwa. Labda yote mawili, maana hakuna aliyetuita akatueleza. Ninachoshika mkononi ni stakabadhi ya shilingi 120,000, imeandikwa "mafunzo kwa vitendo". Mama yangu anaanika dagaa Kibirizi, Kigoma. Hela hiyo aliikopa kwenye kikoba, na hadi leo anailipa.

Boti za kwenda Gombe, msitu wa hifadhi wenye sokwe, zinaondokea hapo hapo Kibirizi. Katika msitu huo, mwaka 1960, mtafiti Jane Goodall alimwona sokwe akitumbukiza unyasi kwenye kichuguu na kuvua mchwa, dunia ikalazimika kufikiri upya juu ya akili ya mnyama. Nimekulia pale na sijawahi kuukanyaga. Kwa hiyo siku ya kutupokea mwaka wa kwanza, uliposimama ukasema tutakaa Gombe siku tano, kila mtu na daftari lake, tukiandika dakika kwa dakika sokwe mmoja anafanya nini, nilimpigia mama usiku uleule. Akasema atatupikia darasa zima. Mwezi Februari tulioneshwa video ukumbini, umeme ukakatika katikati, ikawa ndiyo safari yenyewe.

Umetufundisha maswali manne ya Tinbergen, mtaalamu wa tabia za wanyama. La kwanza, tabia inasababishwa na nini mwilini, linatafutwa maabara. La faida yake kwa mnyama linatafutwa porini. Huku pamefungwa, kule hatukwenda. Tukipata sapu, yaani kurudia mtihani, tutaambiwa hatukusoma.

Safari ya Gombe siidai tena. Nimeshamwambia mama asiningoje. UE ni wiki tatu zijazo. Tunaomba Alhamisi moja tu, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, tutaingia kwa zamu. Pini tutanunua. Mende wamejaa hosteli, tutawakamata wenyewe. Kama amplifaya imeungua, wapo wenzetu wa uhandisi mwaka wa tatu waliokubali kuiangalia bila malipo, ila hawawezi kuigusa ikiwa imefungiwa ndani.

Tufungulie mlango, Profesa. Alhamisi moja.

Mwanafunzi wako wa mwaka wa pili