Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda: vipima gesi vijaribiwe ziwani kwanza

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni muuza mitungi ya gesi hapa Hoima. Hakuna mtungi unaotoka dukani kabla sijaupaka povu la sabuni kwenye valvu; nikiona vipovu vinafura, unarudi ndani. Miaka kadhaa iliyopita niliionea aibu sabuni yangu, nikanunua kipima gesi cha umeme, cheti kimebandikwa mgongoni. Kilianza kupiga kelele jirani alipoegemea kaunta akinuka pombe ya waragi. Siku mtungi ulipovuja kweli, mvua ikinyesha, pua yangu ilikitangulia. Kipo kabatini hadi leo, na cheti chake.

Nakuandikia kuhusu vipima gesi vya Tilenga na Kingfisher, miradi yetu ya mafuta. Gesi yangu hutiwa harufu makusudi ili tuishtukie. Methani inayopanda na mafuta kutoka ardhini haina harufu wala rangi, na ndani ya miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Sheria ya petroli ya 2013 inazuia kuchoma au kuachia gesi hewani ovyo bila idhini ya Waziri. Sawa, lakini gesi inayopenya kwenye boliti iliyolegea haimwombi mtu idhini. Ya namna hiyo hutafutwa kwa vifaa kama kamera za joto, droni na setilaiti, na hivyo ndivyo mtakavyoletewa mezani mvigongee muhuri.

Kamera ya joto huiona gesi pale inapotofautiana joto na kilicho nyuma yake. Tofauti ikipungua, au mvua ikishuka, gesi inapotea machoni. Setilaiti haipenyi mawingu, na maji humeza mwanga inaoutegemea, kwa hiyo juu ya ziwa huona kwa shida. Kingfisher iko ufukweni kabisa mwa Ziwa Albert, wilayani Kikuube. Kifaa kilichofaulu kwenye nchi kavu ya Texas bado hakijafaulu Kikuube.

Marekani waliweka kanuni zao za kusaka methani inayovuja kwenye mitambo ya mafuta na gesi 2024. Kuna jambo moja ningependa mlichukue: kifaa kinachoona uvujaji mdogo huruhusiwa kupima mara chache zaidi, kile kisichoona ila mkubwa hulazimika kurudi mara kwa mara. Jingine liacheni hukohuko. Siku 270 zikipita bila mwombaji kujibiwa, kifaa chake hupata kibali cha masharti. Kwetu, tunavyozijua ofisi zetu (uniwie radhi), utaratibu huo ungepitisha kila kitu.

Ninachoomba ni jaribio. Afisa wako afungue gesi iliyopimwa karibu na ziwa, kiasi akijue yeye peke yake, naye mwenye kifaa aseme ameona nini na kiasi gani. Mara nyingine asifungue chochote, tuone kama kifaa kitadanganya. Warudie msimu wa mvua, asubuhi yenye ukungu na jioni upepo wa ziwa unapovuma. Gharama alipe anayeuza kifaa.

Matokeo yabandikwe kwenye ofisi za wilaya za Buliisa na Kikuube, pamoja na uvujaji ambao kifaa hakikuuona.

Wako,
Muuza gesi, Hoima