Barua kwa Mama Swabra: lile jina chini ya ukurasa

Busia, Uganda

Mpendwa Mama Swabra,

Asalaam aleikum. Natumai mko salama hapo Arua, wewe na mzee na watoto, na kwamba Swabra ameshapona malaria iliyomlaza wiki shule zilipofunguliwa. Sisi hatujambo. Malori yamepanga foleni mpakani kama kawaida, vumbi ni lile lile, na bei ya samaki usiniulize.

Nimezisikiliza sauti zako zote za WhatsApp, mpaka ile ya mwisho ambayo jogoo wa jirani alikuwa anashindana nawe kupaza sauti. Nimeona heri nikuandikie. Wewe ukiwa na hasira humwachi mtu amalize sentensi, na barua huwezi kuikatiza.

Unasema yule mwalimu wa Mbale amebadilika. Zamani alikuwa anatumwagia maazimio ya kazi na notsi kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu wa Kiswahili, bila masharti yoyote. Siku hizi kila ukurasa una jina lake, limelazwa mshazari kwa rangi ya kijivu juu ya maandishi, faili haikubali kuhaririwa, na chini ameandika kwamba mtu asibadilishe kitu bila kumwarifu. Ukasema anajidai. Ukasema elimu ni ya Mungu. Halafu ukaingia kundini mbele ya halaiki ukaandika: "Mwalimu, za kidato cha pili ziko wapi? Muhula umeanza Jumatatu, watoto wanangoja." Hata salamu hukutoa, Mama Swabra! Wewe ambaye kondakta wa teksi unamwamkia kwanza ndipo umuulize nauli.

Hebu tukumbuke tulikotoka. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, Kiswahili kikawa lazima kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likatia mkazo, kikakubaliwa kuwa lugha rasmi na kiwe somo la lazima shuleni. Sote tulipiga vigelegele. Walimu je, walikuwapo? Vitabu je? Wewe ulikuwa unafundisha Dini, mwalimu mkuu akakuita ofisini, "wewe si unajua Kiswahili?", kesho yake ukakabidhiwa chaki na madarasa manne. Mimi nilikuwa na kitabu kimoja, nacho kilikuwa kinazunguka kwa walimu watatu. Ndipo akatokea mtu tusiyemwajiri, ambaye hakuna aliyemtuma, akaanza kutuandikia masomo: mazungumzo ya sokoni, mazoezi ya ngeli, michoro ya mkono wake. Tukala tukashiba. Kundi lile lina mamia ya watu (WhatsApp inaruhusu hadi 1,024), na asante zilizowahi kutokea humo ukizisoma zote chai haijapoa.

Kuhusu fedha, najua ndilo lililokuwasha zaidi. Ameomba kila anayeweza amtumie shilingi elfu mbili kwa simu, nawe ukasema anauza elimu. Sawa, tufuate safari ya karatasi hiyo mpaka imfikie mtoto wako darasani. Ili uipakue, unalipa kampuni ya simu. Ndani ya bei hiyo serikali imo, kwa sababu tangu Julai 2021 walipoiondoa ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kuingia mitandaoni, wametuwekea asilimia 12 juu ya data. Ukishapakua, unapanda boda kwenda mjini. Mwenye fotokopi anakutoza kwa ukurasa, hata ukurasa uliotoka mweusi kwa uzembe wa mashine yake unaulipia. Unanunua pini za stepula. Wote hao umewalipa bila kunung'unika, wala hukumwambia mwenye fotokopi kwamba elimu ni ya Mungu. Aliyekeshea maneno yenyewe ndiye peke yake anayetakiwa aridhike na thawabu.

Na yeye naye analipa ili aandike, hilo ulikuwa hulijui. Nilimpigia simu wiki iliyopita. Kompyuta ya shuleni kwao imekufa, kwa hiyo jioni anakwenda kwenye kafe ya intaneti kuchapa, analipia kwa saa, na umeme ukikatika kabla hajahifadhi anaanza upya. Za kidato cha pili zilichelewa kwa ajili hiyo, pamoja na marundo ya mitihani ya majaribio anayosahihisha. Wala hakunilalamikia. Nilimvuta maneno mimi.

Sasa lile jina la kijivu. Mwaka jana mwalimu mmoja alikuja hapa kwetu kwa uhamisho, akiwa na kitabu cha notsi kilichofungwa vizuri kwa gundi, alichokinunua shilingi elfu kumi kwenye duka la fotokopi. Jalada lilikuwa na jina la mtu mwingine kabisa. Nikafunua. Chini ya kila ukurasa, pale mwenzetu wa Mbale alipokuwa akiandika jina lake zamani, palikuwa pamekatwa, na aliyekata hakunyoosha mkono: kwenye kurasa nyingine vichwa vya herufi vilikuwa vimebaki vinachungulia. Nikafika kwenye mazungumzo ya sokoni, nikamwona yule mama muuza ndizi. Unamkumbuka? Yule aliyechorwa na vidole sita mkono wa kushoto. Nilicheka, kisha nikaona si la kucheka. Mwizi alikuwa amekata jina, vidole sita akaviacha. Baada ya hapo ndipo mwenyewe alipoanza kulaza jina lake katikati ya ukurasa ambako mkasi haufiki. Kwa hiyo hakubadilika yeye, tulimbadilisha sisi watu wa kundi, maana faili zilitoka kwetu.

Nyingi zilitoka bila nia mbaya, nakubali. Ukisambaza kitu WhatsApp, kinachofuatana nacho upande wa pili ni maandishi tu kwamba kimesambazwa. Kilianzia kwa nani, hakisemi. Kikipita makundi matatu, aliyekituma mwisho ndiye anayepokea dua. Telegram ina nafuu kidogo, maana kwa kawaida huonyesha ujumbe umetoka kwa nani, ingawa nako anayesambaza anaweza kuuficha. Ndiyo maana mimi nikituma faili ya mtu naandika mstari mmoja juu yake: ya fulani, wa mahali fulani, maswali muulizeni yeye. Haichukui hata nusu dakika.

Halafu hili la kusema anajidai kwa kutaja jina ndilo lililonishangaza zaidi, kwa sababu ushairi sote wawili tunaufundisha. Wewe mwenyewe unawasimamisha watoto darasani kuwaeleza kwamba malenga wa zamani, akifika kaditama, yaani mwisho wa shairi, hutia jina lake na pengine mji wake, ili shairi likisomwa mbali lijulikane ni la nani. Magazeti yalipokuja, washairi wakawa wanajibizana humo kwa majina, huyu anauliza, yule anajibu kwa mizani ile ile na kumtaja aliyemjibu. Hata wanakili wa tenzi kule Lamu, waliokuwa wanaandika kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, walikuwa wakitia saini kwamba wao ni wanakili, wala hawakujifanya ndio watunzi. Hapo hujawahi kumwambia mtoto kwamba malenga alikuwa na majivuno. Na ulipokuwa Kampala ukienda vibanda vya video, watu walikuwa wakichagua filamu kwa jina la anayetafsiri, "leo tunataka ya VJ Jingo", naye anajitaja mwanzo, katikati na mwisho na watu wanampigia makofi. (Hao nao kama waliwahi kuwaomba ruhusa wenye filamu, hiyo ni kesi nyingine, tusiifungue leo.)

Kwa kuwa unapenda kuniuliza "sheria inasemaje", inasema hivi. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006. Kazi ya mtu inalindwa tangu pale anapoiandika, awe ameisajili au hajaisajili. Kwenye ofisi ya usajili, ile ya URSB, mtu huenda akitaka ushahidi. Kuhusu elimu kuwa ya Mungu, una nusu ya haki: wazo halimilikiwi na mtu. Kufundisha ngeli kwa mazungumzo ya sokoni ni ruhusa kwako, kwangu na kwa yeyote. Mazungumzo yenyewe aliyoyaandika, na mama wa vidole sita, hayo ni yake. Sisi walimu tumehurumiwa humo. Kazi iliyochapishwa inaweza kutumiwa kufundishia kwa kiasi kinachofaa, mradi kazi na mwandishi wake watajwe. Haki ya kupata faida kwa kazi hiyo ina mwisho, maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeiandika haina ukomo. Sheria nzima hiyo, Mama Swabra, na kwetu walimu imeomba tutaje jina.

Kuna jambo jingine ambalo hukuligusa katika sauti zako, nami nadhani limemuumiza kuliko mkasi. Unakumbuka siku alipokosea jibu la zoezi la umoja na wingi? Akatokea mmoja wa ng'ambo ya mpaka, anayejiona Kiswahili alizaliwa nacho, akaipiga picha ile sehemu, akaizungushia duara jekundu na kuandika, "Kiswahili cha Uganda, jamani!" Vikafuata vikatuni vya kucheka, safu kwa safu. Nawe ulitia kimoja, nilikiona. Waliocheka wote walikuwa wakizitumia notsi zile zile asubuhi yake. Mwenyewe alijibu "ahsanteni kwa kunirekebisha", na tangu siku hiyo hajaandika kundini ila anapotuma faili.

Siku hiyo hiyo mwalimu mmoja wa Jinja alimwandikia faragha. Najua kwa sababu mwenyewe alinisomea kwenye simu. Alianza kwa salamu, akamshukuru kwa notsi, kisha: ukurasa fulani, swali la nne, umeandika hivi, nadhani ni hivi, kamusi inasema hivi, nisahihishe kama nimekosea mimi. Basi. Toleo lililofuata lilikuwa limerekebishwa na jina la huyo wa Jinja limo kwenye shukrani. Kosa ni lile lile. Mmoja alimtia mtu aibu, mwingine akapata kitabu kizuri zaidi. Mimi ningekuwa adimini ningemtoa yule wa duara jekundu siku ile ile, lakini maadimini wetu wanaamka pale tu mtu anapotuma matangazo ya mikopo.

Ulisema pia unataka kubadilisha yale mazungumzo, soko liwe la Arua, na watoto wavuke mto Enyau badala ya kutajiwa milima wasiyoijua. Wazo zuri, na sidhani kama atakataa. Ila usifanye kimya kimya kisha akalikuta kundini. Mwandikie, mweleze unataka kubadilisha nini, na ukimaliza mtumie nakala yeye kwanza. Juu uandike kwamba mwandishi ni yeye na aliyerekebisha ni wewe. Duniani wapo watunzi wengi wanaotoa kazi bure na kuandika kabisa masharti yake: leseni za Creative Commons zipo kwa ajili hiyo, na karibu zote zinadai mtunzi atajwe. Nilimweleza habari zake, akasema atazitazama. Akikuambia hapana, ni hapana. Usiende kumsema kwa watu wengine kwamba ni mchoyo. Utaandika mazungumzo yako mwenyewe, na kwa ulimi ulio nao yatakuwa matamu.

Ile elfu mbili, kama mwezi huu hauna, usitume. Wengi hawana naye anajua, ndiyo maana aliandika "anayeweza". Ila usiseme anauza elimu.

Huku kwetu habari si nyingi. Mtihani wa katikati ya muhula ni wiki ijayo, na binti yangu mkubwa amekataa katakata kunisaidia kujumlisha alama, anasema mwaka jana nilimlipa kwa maneno. Mdogo wako alipita hapa akielekea Tororo, amenenepa, mwambie mama asiwe na wasiwasi. Kitenge ulichoagiza nimekipata upande wa pili, rangi si ile hasa lakini imekaribia, nitamkabidhi dereva Ijumaa.

Notsi za kidato cha pili zilitoka juzi. Amenitumia, kwa sababu nilimpigia kumjulia hali. Ninazo hapa kwenye simu, lakini sikutumii. Namba yake unayo, mwombe mwenyewe, faragha, na uanze na salamu.

Wasalimie wote.

Ni mimi mwenzako,
Mwalimu wa Busia