Ndege za kivita zisichezee juu ya vichwa vya watu

Mhariri,

Ndege za kivita zinapopita juu ya Uwanja wa Jamhuri siku ya sherehe, wanangu hushangilia, nami kifua hunijaa. Lakini nakumbuka Lviv, Ukraine, Julai 2002: ndege ya kivita Su-27 iliwaangukia watazamaji wa maonyesho ya ndege, wakafa 77, watoto 28 miongoni mwao. Watoto!

Najua maonyesho kama hayo hutafuta wanunuzi wa ndege. Ndege nyingine ya kivita, Su-30, ilianguka kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1999, marubani wakaokoka, na India bado ikaendelea kuzinunua. Faida ipo.

Ila uwanja wetu uko katikati ya mji, umezungukwa na nyumba na maduka. Nawaomba waandaaji: ndege zipite moja kwa moja, na mbinu za kujipindua zifanyike mbali na majukwaa.

Mzazi,
Area C, Dodoma