Kabla Hujaenda Enschede

Mpendwa Zuhura,

Hongera sana kwa kupata nafasi Chuo Kikuu cha Twente, huko Enschede, Uholanzi! Umeuliza ujiandae vipi kwa uzamili wa Sayansi na Teknolojia ya Elimu. Nitajikita kwenye tasnifu, maana mengine utayazoea ukifika. Kibali cha kuishi Uholanzi chuo ndicho kitakuombea. Wewe wahisha nyaraka tu.

Masomo ni mwaka mmoja, krediti 60, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 28 za kazi. Mwaka una robo nne za krediti 15. Robo ina wiki kumi hivi, kwa hiyo ni saa 42 kila wiki. Ndiyo maana mada ya tasnifu haingoji robo ya mwisho.

Na kwenye mada, tafadhali usianze na kifaa. Najua unavitazama vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu, lakini "vishikwambi vinaboresha elimu?" si swali la utafiti. Anza na linalowashinda wanafunzi: kwa mfano, Kidato cha Kwanza waliosoma msingi kwa Kiswahili, ghafla wanakutana na biolojia kwa Kiingereza. Uliza mwalimu abadilishe nini darasani, kisha kishikwambi kimsaidie wapi.

Kuna mtego unaowanasa wengi. Mkondo A wanapewa kifaa, mkondo B wanasoma kama kawaida, alama zinalinganishwa. Kama kila mkondo una mwalimu wake, utajuaje tofauti imeletwa na kifaa na si mwalimu? Hata ukiwa na wanafunzi 90, unacholinganisha ni madarasa mawili tu. Kwa muda ulionao, naona utafiti wa usanifu unakufaa zaidi: andaa vipindi vitatu pamoja na walimu wanne, vijaribiwe, virekebishwe, vijaribiwe tena. Msome Nienke Nieveen, mtafiti wa elimu wa Uholanzi, na vigezo vyake vitatu vya kupima ulichosanifu: uhalali, utekelezekaji na ufanisi. Viwili vya kwanza vinakutosha kabisa.

Sasa kalenda. Ukianza Septemba, ukusanyaji wa data utasogea kwenye Juni, na Juni shule za Tanzania zimefungwa. Lenga uwe umemaliza darasani kufikia katikati ya Mei. Rudi nyuma kutoka hapo: kibali cha kamati ya maadili lazima kitangulie data, huwezi kukiomba baadaye. Barua za kuingia shuleni hupita mkoani na halmashauri ndipo zimfikie mkuu wa shule. Wanafunzi wako ni watoto, kwa hiyo fomu za ridhaa ziende kwa wazazi, tena kwa Kiswahili.

Hojaji ikishatafsiriwa, mpe mtu mwingine asiyeiona ya awali airudishe kwenye Kiingereza, kisha linganisha. Ijaribu kwanza kwenye shule ambayo haimo katika utafiti. Alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali ya hojaji yanavyoendana, ikishuka chini ya 0.7, kabla ya kufuta maswali angalia kama yale yenye kauli ya kukanusha umeyageuzia alama. Mara nyingi tatizo liko hapo.

Mahojiano ya saa moja hula saa nne hadi sita kuyaandika. Yachambue kwa Kiswahili chake, utafsiri zile nukuu zitakazoingia kwenye tasnifu tu.

Nitumie swali lako la utafiti kwa sentensi moja, hata kama bado halijakaa sawa. Nitalisoma siku hiyohiyo.

Rafiki yako,
Neema