Barua kwa Baba Mkubwa: kijiji cha Laxton na mashamba yasiyo na ua

Newark, Uingereza

Baba Mkubwa, shikamoo.

Salamu nyingi kwa Mama Mkubwa na wote wa hapo Marangu. Uliuliza Waingereza wa vijijini wanalindaje mipaka ikiwa hawapandi masale, ile mimea yetu ya kuonyesha mpaka. Wengi wana ua wa miti au seng'enge. Lakini kuna kijiji kinaitwa Laxton, kama kilometa 16 kutoka mji huu, ambako mashamba makubwa hayana ua wala waya, na wakulima wenyewe ndio wanaokagua mipaka kila mwaka.

Zamani sehemu kubwa ya nchi hii ililimwa hivyo. Kisha, hasa kati ya 1750 na 1850, Bunge likapitisha sheria nyingi za kugawa mashamba ya pamoja na kuyazungushia ua, na wanyonge wengi wakakosa pa kulishia mifugo. Laxton ilipona. Sababu inayotajwa sana ni kwamba ardhi ilikuwa ya mabwana wawili ambao hawakuafikiana.

Mashamba ni matatu: West Field, Mill Field na South Field. Kila moja limekatwa vipande virefu, na mkulima ana vipande kotekote, kama mtu wa kwetu mwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, juu mlimani na shamba la mahindi tambarare. Udongo mzuri haumwendei mmoja, na mbaya vilevile. Mzunguko ni wa miaka mitatu: ngano inayopandwa kabla ya baridi, kisha mazao ya baada ya baridi kama shayiri au maharage, kisha shamba linapumzika. Ugumu wake ni kwamba lazima wote waende pamoja. Jirani akiacha magugu yakomae, mbegu zinakuangukia wewe.

Adui mkubwa ni plau. Mfuo mmoja, yaani mstari mmoja uliochimbwa na plau, una upana wa kama sentimita 30. Mtu akiongeza mfuo mmoja kila mwaka, baada ya miaka kumi amekula mita tatu za njia, na hakuna siku aliyoonekana akiiba. Vinavyoliwa hivyo ni njia za shambani na yale mabonde membamba ya majani wanayoyaita sykes, ambayo hayalimwi kwa sababu ya maji. Majani yake hupigwa mnada.

Kwa hiyo mwishoni mwa Novemba wazee 12 wa baraza la wakulima wa kijiji na kiongozi wao huingia kwenye shamba lenye ngano changa, maana hapo alama ya plau bado ni mbichi. Wanabeba vigingi na nyundo. Wanatafuta ukingo wa njia, wanapima, na palipoliwa wanapigilia kigingi mahali mpaka unapostahili kuwa, kisha jina la mkosaji linaandikwa. Wiki inayofuata baraza linakaa kwenye baa ya kijiji, Dovecote Inn, na faini hutozwa hapo. Si mchezo wa kuigiza, Baba Mkubwa. Sheria ya 1977 iliyonyang'anya mabaraza mengi ya aina hii mamlaka ililiacha hili na nguvu yake juu ya mashamba. Mimi naona nguvu kubwa zaidi ni kwamba anayekupiga faini analima kando yako, na mwakani huenda wewe ukamkagua yeye.

Kumbukumbu yao kuu ni ramani iliyochorwa na Mark Pierce mwaka 1635, ikionyesha vipande zaidi ya 2,000, na hata watu wakilima. Yenyewe imehifadhiwa Oxford. Leo vipande ni vichache na vipana zaidi, viliunganishwa ili vifae kwa mashine.

Nyumba za wakulima zimepangana kando ya barabara kuu, kila moja na uwanja wake nyuma, si katikati ya shamba kama kwingineko Uingereza. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli lina sanamu ya mwanamke iliyochongwa kwa mwaloni, ya zama za kati. Kaskazini ya kijiji kuna kilima cha udongo kilichobebwa kwa mikono ya watu: ngome ya Wanormani, watawala wa kale waliotoka Ufaransa, ambayo sasa ni nyasi tupu.

Mwaka 1952 Wizara ya Kilimo ilinunua ardhi ili utaratibu huu usife. Tangu 2020 iko chini ya Thoresby Estate, milki binafsi ya ardhi. Vigingi bado vinapigiliwa kila Novemba.

Msalimie Babu.

Ni mimi, mwanao.